Mkanda Usio na Lebo

Machi 4, Jumatano

Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema hakuna anayesikia, na nikinyamaza naumwa kichwa.

Mvua ya kwanza imenyesha leo, tena kwa hasira. Kufika mchana mtaro wa nyuma ya kituo ulikuwa umejaa pomoni. Kazi ya kituo chetu ni moja tu: kunyonya maji ya mtaa wa bondeni na kuyatupa ng'ambo ya tuta. Pampu ndogo zinahangaika zenyewe, maana pampu kubwa bado iko kwa mafundi wa kusuka mota. Isiporudi kwenye shimo lake la maji kabla mvua haijakolea, bondeni wataogelea vyumbani. Na huko bondeni ndiko tunakokaa mimi na Mama, nyumba ya pembeni kabisa, mtaro unauona ukiwa kitandani.

Mimi ndiye mwenye funguo za stoo ya vifaa vya kunyanyulia: mikanda, ndoano, pete za chuma zenye pini. Leo nimekagua kila kitu nikijua pampu inakuja. Mikanda ya kunyanyulia pampu ile imebaki miwili. Mmoja una lebo ya kiwandani iliyoshonwa vizuri, imeandikwa tani mbili. Wa pili hauna lebo. Una "2" kubwa ya rangi nyeupe, na mwandiko ule naujua tangu utotoni, ni wa Mjomba.

Machi 7, Jumamosi

Mvua. Maji yameingia stoo kwa mlangoni, nimeyafagia. Dereva wa winchi, tunayemwita Taratibu, alijitolea kunisaidia, kwa hiyo kazi ya nusu saa imeisha jioni.

Machi 11, Jumatano

Leo nimekosana na Mjomba, na kosa si langu.

Kituoni kwetu kuna desturi inayoitwa kubatiza. Lebo ya mkanda ikichanika, Mjomba, ambaye ndiye fundi mkuu, anachukua brashi, anauangalia mkanda, anaupima kwa kiganja, kisha anaupaka namba anayoona inaufaa. Basi, umebatizwa. Hakuna anayeuliza amejuaje. Wenzangu wanacheka na kumwambia, "Padri, na huyu naye," naye anacheka. Mimi nilikuwa nacheka pia mpaka nilipokabidhiwa funguo.

Huu wenye "2" niliutupa kwenye pipa la takataka mwezi uliopita. Asubuhi yake nikaukuta umetundikwa kwenye msumari wake. Nikautupa tena. Umerudi tena. Leo nimemwambia uso kwa uso kwamba mkanda ule ulilala kwenye saruji mbichi wakati wa kujenga tuta, umekakamaa, ukiukunja unasikia unavunjikavunjika ndani. Na lebo hauna. Nani anajua ulizaliwa na tani ngapi?

Mjomba akasema yeye anajua, maana ndiye aliyeununua. Kisha akaurudisha msumarini kwa upole kabisa, kama mtu anayetundika shati lake. Upole huo ndio ulionikera. Angegomba ningegomba.

Machi 14, Jumamosi

Mvua tangu alfajiri. Pampu ndogo moja imekohoa. Hakuna jingine.

Machi 18, Jumatano

Nimegundua namna ya kulieleza jambo lenyewe, na nimeligundua kwa Mama.

Tulikuwa tunaitoa ndoo ya maji ya mvua chini ya bati. Mkono wa ndoo una ncha inayokata, kwa hiyo tukapitisha kamba, yeye akashika ncha moja na mimi nyingine. Tulipotembea tumebanana, ndoo ilikuwa nyepesi. Tulipofika kizingitini nikajitenga upande ili nisimkanyage, kamba ikatanuka, na Mama akaanza kulalamika kwamba mbona nimeacha kubeba. Nilikuwa sijaacha. Mikono yangu nayo ilikuwa inatetemeka.

"Maji ni yale yale, Mama," nikamwambia. "Tumetanua kamba tu."

Nikamfanya arudie. Karibu, kisha mbali. Karibu, kisha mbali. Mara ya tatu akaiweka ndoo chini na kuniambia hayo nikamweleze mjomba wangu, yeye mikono yake ni ya kupikia.

Lakini hesabu ni hiyo hiyo. Pampu kubwa ina tani tatu. Mjomba anasema mikanda ni miwili, mbili na mbili ni nne, nne ni zaidi ya tatu, tusichoshane. Ingekuwa kweli kama mikanda ingening'inia wima. Paa la kituo liko chini, ndoano ya winchi haiwezi kupanda, kwa hiyo mikanda italala na kutanuka sana, na kila mmoja utavutwa na karibu tani tatu nzima. Hata ule mzuri wenye lebo haufai. Huo mwingine sitaki hata kuufikiria.

Nimemwomba Meneja tuazime minyororo kituo kingine. Amesema ataona. Neno "nitaona" kwa Meneja maana yake ameshafumba macho.

Machi 22, Jumapili

Mjomba amekuja kula kwetu, kama kila Jumapili. Mama ni dada yake mkubwa, na tangu baba yangu afariki ndiye mwanamume anayegonga mlango wetu bila kuuliza kama kuna mtu. Yeye ndiye aliyenipeleka kituoni, akawaambia wote kwamba huyu ni mwanangu, atakayemchezea atanijua. Nayaandika haya ili nikisoma baadaye nisijione nilikuwa na chuki.

Nilikuwa nimejiapiza nisilete habari za kazi mezani. Nilivumilia mpaka maji ya kunawa.

Nikamweleza habari ya ndoo. Alisikiliza vizuri, kisha akanijibu jambo la kweli, nami nikalikubali. Alisema waliotengeneza mkanda wameacha akiba, hakuna mkanda wa tani mbili unaokatika kwa tani mbili. Nikamwambia, "Akiba hiyo si yetu, mjomba. Ni ya jua, ya kona kali, ya winchi ikishtuka. Sisi tunataka kuila yote kabla hatujaanza."

Akasema yeye hategemei akiba wala namba, anategemea masikio. Hiyo najua. Mzigo ukinyanyuliwa kidogo tu, Mjomba huwasimamisha wote, huweka sikio karibu na kamba, na kila mtu hunyamaza mpaka atikise kichwa kukubali. Ndivyo alivyofundishwa enzi za kamba za waya, na masikio hayo yamemtunza. Waya ukichoka unalia, nyuzi zake zinakatika moja moja, unapata muda wa kukimbia.

"Waya unalia," nikamwambia. "Mkanda haulii, mjomba. Unanyamaza mpaka unakatika."

Aliacha kula. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama nataka kumfundisha kazi aliyonifundisha. Sikujibu haraka, na Mama akanitolea macho, kwa hiyo sikujibu kabisa. Aliondoka kabla ya chai. Mama amenuna mpaka sasa, anaosha vyombo kwa kelele makusudi.

Machi 26, Alhamisi

Pampu imerudi. Imelala uani chini ya turubai. Mtaro umefika ukingoni. Meneja ameamuru ishushwe kesho asubuhi, na minyororo haijaazimwa.

Machi 27, Ijumaa

Nimerudishwa nyumbani. Nitaandika yote kama yalivyokuwa, maana kesho yatasimuliwa kwa namna nyingine.

Mvua haikupumzika usiku kucha. Nilipofika kituoni, pampu ilikuwa tayari kwenye reli, karibu na mdomo wa shimo, Taratibu yuko juu kwenye winchi yake, na Mjomba amevaa buti za kuingia shimoni. Pampu ile haikai yenyewe. Lazima mtu awe chini, aielekeze miguu yake kwenye boliti huku inashuka juu ya kichwa chake. Mtu huyo siku zote ni Mjomba, hajawahi kumtuma mwingine. Kwa hilo namheshimu, na ndilo lililonitia wazimu.

Nilimwamkia, "Shikamoo mjomba." Akaitikia huku akiangalia shimo. Kisha akaagiza mikanda.

Nilitoa ule wenye lebo. Ule uliobatizwa nikauning'iniza begani mwangu, nikasimama mlangoni mwa stoo.

"Na huo," akasema.

"Huu hautoki."

Meneja alikuwepo, koti la mvua linamchuruzika, simu haimtoki sikioni. Aliikata simu. Akasema kwa utaratibu tu, kwamba maji hayasubiri mabishano, na kwamba ninachoshika ni mali ya kituo. Nikauliza nani anashuka shimoni, ingawa nilijua.

"Mimi," akasema Mjomba. "Kama siku zote."

"Basi hautoki kabisa."

Hapo Meneja akanigusa penye kidonda. Akaniuliza, "Kwenu si bondeni? Maji yakiingia kwa mama yako utasemaje?"

 Usiku ule ule nilikuwa nimeyasikia maji yakigonga kizingiti chetu. Nilimwona Mama wangu akilini, na godoro lake, na kabati la nguo lililobaki la baba.  Nilisema, "Nitasema yameingia."

Mjomba akanijia. Hakunipiga wala hakunitukana. Aliushika mkanda begani pangu akauvuta, nami nikauvuta, tukawa tunavutana pale mbele za watu kama watoto wanaogombea shuka. Ana nguvu kuliko mimi. Niliona kabisa kwamba ataupata, atauvisha kwenye ndoano, ataweka sikio, hatasikia kitu, atatikisa kichwa na kushuka. Niliona pia kwamba nikiutupa utarudi, kama ulivyorudi mara zote.

Kwenye benchi la jiwe lililo mlangoni palikuwa na msumeno wa kukatia chuma. Niliuchukua kwa mkono wa kulia. Mjomba alipouona aliachia, nadhani alihofia vidole vyangu. Nikaubana mkanda kwenye jiwe la benchi kwa goti, nikaanza kukata.

Haukatiki upesi kama mtu anavyodhani. Nilikata huku nalia kwa hasira, pua inanichuruzika, na mkanda ukawa unatoa vumbi jeupe, saruji ya zamani ile.  Ulipokatika niliviweka vipande viwili juu ya benchi, vimelazwa sambamba.

Meneja alikuwa wa kwanza kupata sauti. Akaniambia niache funguo. Niliziacha. Mjomba aliniangalia kama mtu aliyekutana nami barabarani tu. Juu, Taratibu akazima winchi, akashuka ngazi kwa mwendo wake ule ule wa siku zote, akageuza ndoo na kuikalia.

"Mimi kwa mkanda mmoja sinyanyui," akasema. Akafungua chupa yake ya chai.

Machi 28, Jumamosi

Maji yameingia kwetu mchana. Kwanza kifundo cha mguu, halafu goti. Tumepandisha vitu juu ya meza na juu ya kabati. Mjomba alikuja bila kuitwa. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba." Hakuitikia. Sijawahi kuona hilo maishani mwangu.

Tulibeba godoro la Mama, yeye upande huu na mimi upande ule, limelowa, zito ajabu, tukalipandisha kwenye ukuta wa jirani bila kusemezana. Mama alisimama barazani kwa watu, ameshika viatu vyake mkononi. Aliniuliza kama nimefurahi. Nilimwambia hapana. Nikamwambia pia kwamba ingerudi jana ningekata tena. Hapo naye akanigeuzia mgongo, nikabaki sina mtu.

Machi 29, Jumapili

Tumelala kwa jirani. Mjomba hakuja kula, hata hivyo hapakuwa na chakula. Nasikia Meneja anapiga simu vituo vyote kutafuta minyororo. Kumbe alikuwa na namba zao muda wote.

Machi 30, Jumatatu

Taratibu amekuja kuniita. Alitembea ndani ya maji suruali ameikunja, akasema, "Mjomba wako anakutaka. Mnyororo umefika, anasema hashuki mpaka usomwe." Nikamuuliza kwani yeye Taratibu hajui kusoma. Akasema aliomba asome, Mjomba akakataa.

Sikujua kama naitwa kusoma au kusutwa. Nilipiga moyo konde nikaenda. Nilipofika nikaamkia wote, nikamwamkia na yeye. Wote wakaitikia isipokuwa yeye.

Mnyororo ulikuwa umening'inia tayari, mikono yake miwili, na bamba dogo la chuma kwenye pete ya juu. Mjomba alilielekeza kwangu kwa kidole.

"Nisomee."

Nikasoma. Namba ya kwanza, tani nne na robo. Namba ya pili, tani tatu na ushee.

"Mnyororo mmoja," akasema, "mbona namba mbili?"

"Ya kwanza ni mikono ikikaribiana. Ya pili ikitanuka."

 Aliangalia paa, akaangalia ndoano, akaangalia upana wa pampu. Aliinua mikono yake miwili na kuitanua polepole mpaka ikalingana na mnyororo, na nilijua anakumbuka ndoo ya Mama.

"Na sisi hapa tuko wapi?"

"Kwenye ya pili."

"Na mkanda ule?"

"Mkanda ule haukuwa hata na namba moja, mjomba."

Akampungia Taratibu mkono. Pampu ikanyanyuliwa kidogo tu juu ya reli. Aliweka sikio lake, kwa sababu ndiye yeye, na safari hii mimi nami niliweka langu upande wa pili, tukawa tunaangaliana katikati ya mnyororo. Ulitoa sauti ndogo ukikaa sawa, kisha ukatulia. Akashuka shimoni. Nilisimama ukingoni nikimpigia Taratibu ishara kwa mkono, na ule wepesi wangu wote wa mdomo ulikuwa umeniisha. Niliogopa sana. Tani tatu zilipita juu ya kofia ya mtu aliyenilea, inchi kwa inchi, mpaka aliposema zimekaa.

Pampu iliwashwa kabla ya mchana. Mjomba alitoka ngazini na tope mpaka kifuani, akasimama mbele yangu akipangusa macho.

"Marahaba," akasema.

Nilikwenda kulia nyuma ya stoo.

Aprili 2, Alhamisi

Maji yametoka ndani. Yameacha mstari ukutani. Nimerudishiwa funguo pamoja na onyo la maandishi. Nimelitundika stoo, kwenye msumari wa ule mkanda.

Aprili 11, Jumamosi

Mtaani naitwa Msumeno. Watoto wananiimbia, na wakubwa wanasema bila kupunguza sauti kwamba kuna mtu alikata kamba ya kuwaokoa. Leo bombani jirani mmoja ameniambia mkanda ule ungeshika.

Huenda ungeshika. Sitajua kamwe, na wao hawatajua, maana nimeukata. Mkanda ungekatika wangenipa haki nikiwa nimevaa nyeusi. Sitaki haki ya namna hiyo. Waniite Msumeno mpaka wachoke. Jina lenyewe nimeanza kulipenda, nimeligeukia mara mbili leo bila kukusudia.

Aprili 19, Jumapili

Mjomba amekuja kula. Amekaa mpaka chai.

Kabla ya hapo, nikiwa ndani, nilisikia yule yule jirani wa bombani akisimama mlangoni na kumpa Mama pole ya godoro. Halafu akaongeza kwamba mabinti wa siku hizi ni wagumu kichwa, wameloweka mtaa mzima. Mama alikuwa anapeta nafaka. Tangu mafuriko alikuwa hajanisemesha zaidi ya njoo na lete, kwa hiyo nilijiandaa kusikia akikubaliana naye.

"Godoro linakauka," Mama akasema. "Ndugu yangu ningemwanika wapi?"

Jirani akaaga. Mama akaendelea kupeta. Nilipotoka akanituma chumvi.

Mei 5, Jumanne

Manyunyu tu. Pampu kubwa inanguruma vizuri.

Mei 15, Ijumaa

Jua limewaka siku nzima, mtaro umeshuka mpaka unaona mawe. Nadhani msimu umekwisha.

Mchana Meneja amekuja na gari, ana furaha zake. Kuna karakana imefungwa, amepata mikanda ya kunyanyulia, rundo zima, tutakuwa na akiba ya kutosha. Wakaishusha mlangoni pangu. Niliinama nikashika wa kwanza, nikaugeuza. Hauna lebo. Una namba ya rangi ya bluu, mwandiko wa mtu nisiyemjua. Wa pili vile vile. Nilihisi damu inanipanda kichwani, nikafungua mdomo.

Mjomba alikuwa ameshafika. Aliokota mkanda mmoja, akautafuta lebo ncha hadi ncha, akaukunja karibu na sikio kisha akacheka kidogo, mwenyewe kwa mwenyewe, na kuushusha. Akauliza ni padri gani aliyeibatiza hii. Hakuna aliyejua. Meneja akasema ni mikanda mizuri kabisa, atazame, hata haijachakaa.

"Lete msumeno," Mjomba akaniambia.

Meneja akaanza kueleza habari za mali ya kituo.  Mjomba aliubana mkanda kwa goti kwenye jiwe la benchi, kama nilivyofanya mimi, akakata mpaka vipande viwili vikaanguka. Akaukata wa pili. Kwenye wa tatu pumzi zilimwisha, si kijana tena, akanipa msumeno bila kuniangalia. Nikaendelea pale alipoishia. Nilipoinua kichwa, Taratibu alikuwa amesimama nyuma yangu amekunja mikono ya shati, anasubiri zamu yake.